Wanaogopa Tukijua Pamoja

Mama mmoja muuza samaki wa angara alisimama katikati ya mkutano wa wazazi, akainua simu yake juu ya kichwa, akasema: "Mwalimu, samahani kwa kukukata kauli. Hesabu unayotusomea na hii iliyo kwenye simu yangu, mbona hazifanani?"

Tulikuwa tumekaa chini ya miembe ya shule moja ya msingi ya serikali, pembezoni mwa jiji la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hedimasta alikuwa anaeleza kwa nini kila mzazi atoe mchango wa chaki na karatasi za mtihani. Pesa ya UPE (ruzuku ya serikali kwa elimu ya msingi ya bure) ya muhula ule, alisema, ilikuja kidogo na ilikuja imechelewa. Kwenye simu ya yule mama kulikuwa na picha ya karatasi: kiasi kilichopokelewa, tarehe kilipoingia benki, jinsi kilivyogawanywa, sahihi mbili na muhuri wa bluu. Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya hedimasta, hatua chache kutoka pale aliposimama.

Kijana wa boda boda aliyekaa nyuma naye akainua simu. Kisha mwingine. Kisha mzee mmoja ambaye hana simu ya kufungua picha akasema, "Hata mimi nimesomewa."

Ile picha ilikuwa imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi usiku uliotangulia.

Hedimasta alisema mambo ya hesabu atayazungumza na kamati ya shule. Yule mama hakuketi. "Kamati ni yetu, mwalimu. Zungumza hapa hapa, na sisi tusikie."

Akazungumza hapa hapa. Ikaonekana sehemu ya pesa ilikwenda kukarabati choo cha wasichana, jambo ambalo hakuna mzazi aliyelipinga, na sehemu nyingine haikuwa na risiti. Mchango ukasimamishwa mpaka risiti zije.

Wiki nyingi zimepita na mkutano ule bado umenikaa kichwani. Hedimasta hanisumbui sana. Kinachonisumbua ni karatasi.

Kila mtu alikuwa ameiona

Aliyesoma UPE anazijua karatasi hizo. Jua linazigeuza manjano, mvua inachuruzisha wino, mbuzi wanatafuna pembe za chini. Wazazi hupita mbele yake kila asubuhi wakileta watoto, na wengine huegemeza baiskeli kwenye ukuta ule ule. Hesabu ilikuwa wazi, bure, bila kufuli wala mlinzi. Na bado, mwaka baada ya mwaka, hedimasta alisema anachosema na wazazi walilipa wanacholipa.

Ndiyo maana nakwama kila ninapoambiwa kwamba simu na intaneti zimempa mwananchi nguvu kwa sababu sasa habari ziko mkononi mwake. Habari hii ilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Hakuna aliyeivujisha. Hakuna aliyeiba nyaraka.

Basi usiku ule mmoja ulibadilisha nini?

Asilimia 13

Sisi watu wa Uganda tuna sababu ya kulichukulia swali hili kama letu, kwa kuwa mfano unaotajwa duniani kote kuhusu nguvu ya habari ulitokea hapa kwetu. Mwaka 1996 watafiti walizunguka shule za msingi zipatazo 250, wakalinganisha pesa zilizotoka hazina na zile zilizofika shuleni. Wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa kila shilingi 100 za ruzuku ambazo hazikuwa za mishahara, shule ilipata kwa wastani shilingi 13. Shule nyingi hazikupata hata senti. Pesa ilikuwa inaishia wilayani.

Serikali ikafanya jambo ambalo nitalisifu bila kusita. Ilianza kutangaza magazetini, yakiwemo yale ya lugha zetu, kiasi kilichotumwa kila wilaya. Shule nazo zikaagizwa zibandike ubaoni kile zilichopokea. Karatasi ile ya Arua, yenye muhuri wa bluu, ni mjukuu wa agizo hilo.

Ilipofika 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika shuleni.

Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliochambua takwimu hizo, walionyesha pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa zilinufaika kuliko zile za mbali. Kipengele hicho nakipenda kwa sababu naweza kukiona. Basi la asubuhi linashusha furushi la magazeti kwenye duka la trading senta. Hedimasta anayekaa jirani anasoma kwamba pesa ya mwezi imeshatumwa wilayani. Anavaa koti, anapanda baiskeli, anakwenda kuuliza. Mwenzake aliye kilomita 30 ndani ya mbuga anaendelea kusubiri, na mhasibu wa wilaya anajua kwamba yule wa mbali hajui.

Kwa muda mrefu hadithi hiyo ilinitosha. Toa habari, na pesa inafika.

Kisha nikamsoma mtafiti Paul Hubbard, ambaye mwaka 2007 aliirudia hadithi yote na kuuliza kitu gani kingine kilikuwa kinatendeka nchini miaka ile. Vilikuwa vingi. UPE ilianza 1997 na watoto wakafurika madarasani, hivyo elimu ya msingi ikawa siasa ya juu kabisa. Wafadhili walikaza macho. Ruzuku ikafungwa kwa masharti ili wilaya isiigeuze kuwa mafuta ya magari. Namna ya kutuma pesa ilirekebishwa. Magazeti yalisaidia, lakini hayakuubeba mzigo peke yake.

Nilipomsoma nilikasirika kidogo, kama mtu anayenyang'anywa hadithi aliyokuwa anajivunia. Hasira ilipopoa nikaanza kumwangalia tena yule hedimasta wa baiskeli. Gazeti lilimpa habari, sawa. Lakini alikuwa na ofisi ya kuendea, na ndani ya ofisi hiyo kulikuwa na mtu aliyejua kwamba safari hii Kampala inamwangalia. Ukiondoa yule mtu wa pili, gazeti linabaki la kufungia mandazi.

Zahanati zetu zilipimwa mara mbili

Kuna jaribio jingine, nalo pia ni letu. Martina Björkman na Svensson yule yule walichukua vituo vya afya 50 katika wilaya 9. Kwenye nusu ya vituo hivyo, wanakijiji na wafanyakazi wa kituo waliketi pamoja, wakaonyeshwa takwimu za kituo chao wenyewe: mgonjwa anasubiri muda gani, wahudumu wangapi hawaonekani kazini, dawa zinaisha mara ngapi. Wakapanga pamoja kitakachobadilika na jinsi watakavyokifuatilia. Matokeo yalichapishwa 2009 na yakashangaza watu. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano katika maeneo hayo vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja.

Theluthi moja, kwa mikutano na karatasi.

Baadaye walijaribu mikutano hiyo hiyo bila kuwapa watu takwimu. Haikuzaa matunda ya maana. Kwa hiyo habari ina uzito wake, na sitamruhusu mtu aniambie vinginevyo.

Lakini jaribio kama hilo liliporudiwa kwa ukubwa, safari hii vituo 376 katika wilaya 16, wahudumu waliboresha kiasi namna wanavyowatunza wagonjwa na wagonjwa wakaridhika zaidi, ila vifo vya watoto havikushuka. Dawa ile ile, nchi ile ile. Miaka ilikuwa imepita na vifo vya watoto kwa jumla vilikuwa vimeshapungua nchini, kwa hiyo huenda hapakubaki nafasi kubwa ya kushuka. Sababu hiyo naikubali. Ila mimi nimekulia karibu na kituo cha afya cha namna hiyo, na najua pia kwamba mhudumu mmoja anayehudumia foleni ya watu mia moja hawezi kuaibishwa akawa wahudumu watatu. Mwanakijiji anaweza kumdai nesi afike saa mbili asubuhi. Akitaka daktari wa pili, anayepaswa kujibu yuko Kampala, na huyo hakuja kwenye mkutano.

Hapo ndipo niliposhika jambo la kwanza. Habari inamfikia mwenye kujibu aliye karibu. Kadiri mwenye kujibu anavyokaa mbali, ndivyo habari inavyochoka njiani.

Mwaka 2009, meza mbili

Jambo la pili lilinijia kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa napanga tarehe tu, nikiandika kando kando mambo yaliyotokea mwaka gani, na mwaka 2009 ukanisimamisha.

Mwaka huo serikali ilizindua mpango wa mabaraza. Chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, viongozi wa wilaya walitakiwa waje mbele ya wananchi, wasome pesa walizopokea na kazi walizofanya, kisha waulizwe maswali. Ni mpango mzuri. Nimehudhuria baraza na nimemwona mhandisi wa wilaya akitokwa jasho mbele ya bibi kizee aliyemtaka aonyeshe kisima kilichoandikwa kwenye ripoti.

Mwaka huo huo, Septemba, baada ya ghasia za Buganda, serikali ilipiga marufuku ebimeeza na kuifunga CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ambayo ilikaa kimya mpaka Oktoba 2010.

Vijana wa siku hizi hawakuzikuta ebimeeza, kwa hiyo niseme kidogo. Ni neno la Kiganda: ekimeeza ni meza kubwa, ebimeeza zikiwa nyingi. Zilikuwa mijadala ya wazi iliyorushwa moja kwa moja redioni kutoka baa na viwanja. Ya kwanza kupata jina ilikuwa ile ya Radio One pale Club Obbligato, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu yeyote angejiandikisha, angepewa kipaza sauti, angesema. Fundi makanika angemfuata mbunge na kumpinga neno kwa neno. Hapakuwa na nyaraka za siri pale. Watu walisema mambo ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasema nyumbani kwake.

Sasa ziweke meza hizo mbili pamoja. Kwenye baraza, serikali inawapa wananchi takwimu, nyingi kuliko walizowahi kupata. Kwenye ekimeeza, wananchi hawapati takwimu yoyote. Wanasikiana tu, nchi nzima. Kati ya hizo mbili, ya kwanza ilifunguliwa na ya pili ikafungwa, mwaka mmoja, na watawala wale wale.

Nilikaa na hilo siku nzima.

Tazama kinachofungwa

Tangu hapo nimekuwa nikitazama vinavyofungwa, maana anayefunga mlango anakuonyesha anachokiogopa.

Tangu 2013 Wizara ya Fedha ina tovuti ya bajeti. Unaweza kuchagua wilaya yako ukaona pesa zilizopangwa na zilizotolewa. Sijasikia hata siku moja kiongozi akiilaani tovuti hiyo. Hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kuisoma.

Tarehe 18 Februari 2016, siku ya kupiga kura, kilichozimwa kilikuwa Facebook, Twitter, WhatsApp na kutuma pesa kwa simu. Mei, wakati wa kuapishwa kwa rais, mitandao ya kijamii ikazimwa tena. Magazeti yaliuzwa kama kawaida siku hizo. Januari 2021 Facebook ilifungwa siku chache kabla ya kura, kisha usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Tukajifunza VPN, programu ya kupita penye kizuizi, hata wamama wa sokoni.

Na kati ya miaka hiyo kulikuwa na kodi. Machi 2018 rais alimwandikia waziri wa fedha kuhusu kutoza mitandao, akitaja olugambo, umbea wa mitandaoni. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 tukawa tunalipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp. Mwaka 2021 kodi hiyo ilibadilishwa ikawa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Shilingi 200 zinaweza kuonekana ndogo kwa mtu wa ofisini. Kwa muuza nyanya wa soko kuu la Arua ilikuwa ni kuchagua kila asubuhi kati ya kujua wenzake wanasema nini na kununua sabuni.

Wiki sita baada ya kodi kuanza ikaja Agosti 2018, na hapa kwetu hakuna anayehitaji kukumbushwa. Uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua. Jioni ya tarehe 13, Yasin Kawuma, dereva wa mwanasiasa wa upinzani Robert Kyagulanyi, ambaye wengi wanamjua kama Bobi Wine, alipigwa risasi ndani ya gari. Picha yake ilikuwa Twitter usiku ule ule, imewekwa na Kyagulanyi mwenyewe. Sitaieleza. Walioiona wanajua.

Nataka kusema kitu kimoja tu kuhusu usiku ule. Miaka ya nyuma, kifo kama kile mjini kwetu kingekuwa taarifa ya polisi asubuhi na mnong'ono jioni, na kila nyumba ingebaki na mnong'ono wake. Safari hii mtu wa Oli, hapa Arua, alikuwa anatazama picha ambayo mtu wa Mbarara anaitazama, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake ameiona. Siku mbili baadaye Kassiano Wadri, mgombea aliyepigiwa debe na Kyagulanyi, alishinda kiti kile akiwa mahabusu.

Sisemi picha ndiyo iliyompigia kura. Arua ina sababu zake za siku nyingi. Nasema kwamba watu walikwenda kituoni wakijua hawako peke yao.

Mashimo ambayo kila mtu aliyajua

Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora vibonzo na mhadhiri wa Makerere, aliwaita watu wa Kampala waonyeshe mtandaoni mashimo ya barabara zao. Hebu fikiri ni habari gani iliyotolewa pale. Hakuna hata mkazi mmoja wa Kampala aliyekuwa hajui kwamba barabara zina mashimo. Waziri alijua. Rais alijua. Kama nguvu ya mwananchi inatokana na kujua asichokijua, maonyesho yale yangekufa siku ya kwanza.

Badala yake, picha zilimiminika, na ndani ya siku chache rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa ajili ya barabara za jiji.

Bilioni 6 kwa jambo ambalo lilikuwa linajulikana kwa miaka.

Hapo ndipo nilipopata jibu la karatasi yetu. Ubaoni, kila mzazi aliisoma peke yake. Aliyeona kasoro hakujua kama jirani yake ameiona, na kusimama peke yako mbele ya hedimasta anayemfundisha mtoto wako ni hatari: mtoto ndiye atakayelipa. Kwenye kundi la WhatsApp, wote waliisoma wakijua kwamba wote wanaisoma. Yule mama aliposimama alikuwa na uhakika kwamba simu nyingine zitainuka. Hesabu haikubadilika, uwezekano wa kuachwa peke yako ndio uliobadilika.

Naamini hicho ndicho kinachoogopwa. Watawala wetu wamezoea kuishi na wananchi wanaojua mambo mengi, kila mmoja chumbani kwake.

Juu bado

Lakini nisipake rangi. Mwanzoni mwa 2024 yalikuja maonyesho ya mtandaoni kuhusu Bunge, na safari hiyo habari zilikuwa mpya kweli kweli: nyaraka, majina, malipo. Mwanaharakati Agather Atuhaire na wenzake wa jukwaa la Agora walionyesha, pamoja na mengine, kwamba makamishna wanne wa Bunge waligawana shilingi bilioni 1.7 kama zawadi ya utumishi, na milioni 500 kati ya hizo zikaenda kwa Mathias Mpuuga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani zawadi hiyo ilipopitishwa mwaka 2022. Chama chake kilimtaka ajiuzulu ukamishna. Alikataa, akabaki.

Tulijua, na tulijua pamoja, na tulijua kwa ushahidi. Wenye kujibu hawakujibu.

Tarehe 23 Julai 2024 vijana walijaribu kuandamana mpaka Bungeni. Walikamatwa kwa makumi. Mei 2025 Atuhaire alikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, akakamatwa huko, na siku kadhaa baadaye akatupwa mpakani Mutukula akiwa ameteswa. Wasomaji wangu wa Tanzania, mnajua uchungu wa kulisoma hilo kwa lugha yetu hii hii.

Kwa hiyo ninaposema mamlaka yanahama kwenda kwa watu wa kawaida, nasema yamehama kwenye shule, kwenye zahanati, kwenye kisima, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa (LC3), mahali ambapo mwenye kujibu hawezi kukwepa kukutana nawe sokoni. Juu zaidi ya hapo naona mkono ule ule. Wanaodai kwamba simu imeshaangusha ukuta mzima hawajakaa siku moja polisi kwa ajili ya kitu walichoandika. Ni kweli mahakama hutusaidia mara nyingine: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichokuwa kinawafunga watu kwa "mawasiliano ya kuudhi". Lakini Oktoba iliyotangulia tu, sheria hiyo ilikuwa imeongezewa vifungu vingine.

Na tukijua uongo pamoja?

Swali hili liliulizwa na dada yangu, na ni la haki. Kundi lile lile lililobeba picha ya karatasi limewahi kubeba sauti ya mtu asiyejulikana akisema chanjo zinaua watoto, na mama wawili wa mtaa wetu walichelewesha watoto wao. Kujua pamoja hakuchagui. Sina dawa ya hilo. Ninachokiona ni kwamba picha ya karatasi ilikuwa na kitu cha kwenda kukigusa: ubao upo, muhuri upo, mtu yeyote angeweza kutembea akahakikisha. Sauti ya chanjo haikuwa na pa kwenda. Nimeanza kuwauliza watu kwenye makundi yangu, kwa upole, "Hii tunaweza kwenda kuiona wapi?" Wengine wanachukia. Wengine wananyamaza na kufuta.

Halafu kuna yule mzee aliyesema "nimesomewa". Wengi wetu bado ni yeye. Bei ya data na bei ya simu vinamwacha nje, na kama hakuna jirani wa kumsomea, anarudi kuwa peke yake na hedimasta. Ndiyo maana bado naitegemea redio kuliko mtandao wowote, na bado naomboleza ebimeeza.

Barua

Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu. Sheria ya kuitekeleza ni ya 2005. Inasema unaandika ombi, hutakiwi kueleza sababu, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikaa kimya, kimya chake kinahesabiwa kuwa ni kukataa, na unaweza kwenda kwa hakimu mkuu.

Inashindwa pia, nisiwadanganye. Waandishi Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama waliomba mikataba ya mafuta, wakafika mpaka mahakama ya hakimu mkuu Nakawa, na mwaka 2010 wakakataliwa. Mikataba ya mafuta ni mambo ya juu. Mimi nataka kuanza chini.

Baada ya mkutano ule, wazazi kadhaa tumekubaliana kuandika ombi kuhusu kituo cha afya kinachohudumia mtaa wetu: dawa zilizoletwa kila mzunguko katika mwaka uliopita, tarehe zilipofika, na nani alizipokea. Sheria inaruhusu mtu mmoja kuomba. Tumeamua kila mmoja atapeleka ombi lake, la maneno yale yale, siku ile ile. Yule mama muuza angara amesema jibu likija lisomwe kwa kipaza sauti sokoni siku ya Jumamosi, kwa Kilugbara na kwa Kiswahili, wahudumu wa kituo wakiwa wamealikwa, na nafasi ya kwanza ya kusema iwe yao. Tunapeleka fomu Jumatatu. Kama unakaa upande wa Vurra au Adumi na ungependa kufanya vivyo hivyo kwa kituo chenu, niandikie, nikutumie maneno tuliyotumia.